Mbuzi ya nazi, konda na Kazimoto: niliyoyasema kuhusu udhanaishi

Wote mliokosa Jumamosi, wengine mvua, wengine foleni, wengine msiba, nimekaa nikaandika yale niliyoyaongea pale Magomeni kwenye kikao chetu cha usomaji. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani ndo nimeziruka, bila ukuta hazina kazi.

Haya.

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari za mchana jamani. Wazee wetu shikamooni, naona mzee wangu pale mbele umekuja na kitabu kabisa mkononi, asante sana. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyie mliokuwa mnapita tu nje mkasikia kuna maongezi mkaingia, karibuni, viti vipo huku nyuma.

Nimeombwa niongelee udhanaishi, yaani ile falsafa inayosema mtu yuko huru na anajitengeneza mwenyewe kwa anayoyachagua, kwenye tamthilia na riwaya za kisasa. Najua hilo neno linatisha, nimeona sura zenu. Tuanzie jikoni basi. Nani hapa ana mbuzi ya kukunia nazi nyumbani? Naona mikono. Sasa fikirieni yule fundi aliyeichonga. Kabla hajashika msumeno alishajua anatengeneza nini, anajua kuna nazi, kuna mtu atakaa hapo juu, kuna sahani itawekwa chini ya lile jino la chuma. Yaani kazi ya mbuzi ilikuwepo kichwani kwa fundi kabla mbuzi yenyewe haijakuwepo. Mbuzi haina swali la kujiuliza asubuhi. Na wewe je? Wewe ulichongwa kwa ajili ya nini? Nani alikuwa anajua?

Tarehe 29 Oktoba 1945 mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Jean-Paul Sartre, alisimama kwenye ukumbi uliofurika watu mjini Paris akauliza karibu swali hilohilo, ila yeye alitumia kisu cha kukatia karatasi, mimi natumia mbuzi maana ndo tunayoijua. Akasema mtu hayuko kama kisu. Mtu kwanza yupo, katokea tu duniani, halafu baadaye, kwa anayoyafanya, ndo anakuwa mtu wa aina fulani. Akasema tumehukumiwa kuwa huru. Angalieni hilo neno, tumehukumiwa! Sio tumezawadiwa. Kwa nini atumie neno la mahakamani kwa kitu kizuri kama uhuru?

Kumbukeni lini anaongea. Paris ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani mwaka mmoja tu nyuma, miaka minne walitawaliwa, na mtaani kila mtu anamjua mwenzake alifanya nini ile miaka minne. Yupo aliyeficha watu ndani kwake na yupo aliyewachoma watu kwa polisi. Na ukimuuliza yule aliyechoma anakwambia mimi nilitumwa, mimi ningefanyaje, ndo hali ilivyokuwa. Hapo ndo falsafa hii ilipokomaa, katikati ya watu waliokuwa na visingizio vizuri sana.

Kabla sijaenda mbali, najua wengine mnawaza huyu mwalimu anatuletea ukafiri. Mimi naswali, mnanijua. Sartre hakuamini Mungu, kweli, lakini kwenye hotuba yake hiyohiyo alisema wadhanaishi wako wa aina mbili, wapo wanaoamini na wapo wasioamini. Na yule tunayemwita baba wa fikra hizi, Søren Kierkegaard wa Denmark, alikuwa Mkristo wa kufa na kupona, na mwaka 1843 aliandika kitabu kizima kinamzunguka Nabii Ibrahim. Unaijua ile safari ya kupanda mlimani na mwanao? Siku tatu njiani. Kierkegaard hakutaka turukie mwisho tukamshangilie yule kondoo, alitaka tukae na Ibrahim njiani, siku tatu, hana wa kumuuliza, mkewe hajui, mtoto hajui, na mkono utakaoshika kisu ni wa kwake mwenyewe. Imani haikumwondolea ule uzito. Mimi kila Idi ya kuchinja nakumbuka hicho kitu, na nawaambia ukweli imani yangu haijapungua hata chembe kwa kukikumbuka.

Sasa nataka niwape kisa changu, naomba mkibebe mpaka mwisho.

Ni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, daladala limejaa mpaka mlangoni, mvua ya Aprili. Konda ni kijana tu, noti kazikunja kwa urefu kazibana katikati ya vidole, sarafu anazigonganisha kiganjani kha kha kha kudai nauli bila kufungua mdomo, mnajua ile sauti. Kafika kwa denti mmoja wa msingi, wa darasa la pili au la tatu, begi kubwa kuliko mgongo. Mtoto anapapasa mfukoni, hana. Anasema hela imedondoka. Konda akamwangalia, nami nilikuwa karibu nikaiona sura yake, kuna kasekunde alikuwa kaka wa yule mtoto kabisa. Halafu ikarudi sura ya kazi. Akagonga bodi, gari likapunguza, akasema, "Dogo shuka. Gari siyo langu, tajiri anataka hesabu yake."

Mtoto akashuka kwenye mvua. Gari likaondoka.

Nawauliza, nani kamshusha yule mtoto? Konda atakwambia tajiri. Tajiri ukimpata atakwambia mkopo wa gari. Suka atasema mimi naangalia mbele. Abiria watasema gari siyo letu. Na mimi? Mimi nilijiambia mwanamke peke yangu nitaanzaje kugombana na konda asubuhi yote hii. Kila mtu ndani ya lile gari alikuwa na jina la mtu mwingine mdomoni. Na nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200. Nilikuwa na chenji mkononi jamani. Mkononi, siyo kwenye pochi.

Sartre kwenye kitabu chake kikubwa cha 1943 ana mhudumu wa mgahawa, anatembea kihudumu, anainama kihudumu, kila kitu kimezidi kidogo, kama vile anajitahidi awe mhudumu tu asibaki mtu. Hiyo hali ndo anaiita kujidanganya mwenyewe. Unachukua kazi yako, au kabila lako, au jinsia yako, au umri wako, unaivaa mpaka kichwani ili lile swali lisikupate. Mimi siku ile nilivaa "mwanamke peke yangu". Lilinitosha vizuri tu.

Mwezi Mei 1944, Wajerumani bado wapo Paris, ikachezwa tamthilia yake Huis Clos, yaani mlango umefungwa. Watu watatu wamekufa, wameingizwa chumba kimoja. Hakuna moto, hakuna kuni, hakuna mtesaji. Hakuna kioo. Taa haizimwi, na macho yao hayapepesi, hawafumbi hata kidogo. Garcin, mwanaume, alipigwa risasi kwa kukimbia vita, na anataka mtu mmoja, mmoja tu, amwambie wewe hukuwa mwoga. Estelle yuko tayari kumwambia lolote. Inès hataki. Na Garcin anajua la Estelle halina thamani, anataka la Inès. Ndo hapo linakuja lile neno ambalo watu wanaliweka status wakigombana na majirani, kwamba jehanamu ni watu wengine. Ndugu zangu, Sartre mwenyewe ilibidi baadaye aeleze kwamba hajaeleweka, hakusema watu wote ni wabaya. Tatizo la Garcin ni kwamba kazi ya kujua yeye ni nani kaiweka mikononi mwa mtu mwingine, na sa hivi kafa, hawezi tena kufanya tendo jipya likamjibia. Wewe uliyekaa hapo bado unaweza. Na kinachoniumizaga kwenye ile tamthilia ni kwamba kabla haijaisha mlango unafunguka! Unafunguka wazi kabisa. Hatoki mtu. Nimeisoma ile sehemu mara nyingi sana na kila nikifika nawaambia tokeni, tokeni basi.

Nani kawafungia?

Sasa turudi nyumbani, maana sikuja kuwahadithia Paris mchana kutwa.

Kuna watu wanasema haya mambo ni ya wazungu, walishiba wakaanza kuwaza. Mimi nawajibu kwa jina moja, mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi. Kazaliwa Ukerewe 1944, kafariki hapahapa Dar Januari 2020, na wengine wenu hapa amewafundisha. Kabla yake, riwaya yetu ilikuwa na utaratibu, mwema anateseka halafu anapata, mbaya anatamba halafu anaanguka. Mchukueni Shaaban Robert, Mungu amrehemu, Karama wake kwenye riwaya ya Kusadikika anasimamishwa mashtaka, anajitetea kwa hoja siku baada ya siku, mwisho anashinda. Raha kusoma. Akaja huyu kijana wa kisiwani akasema je, kama haiishii hivyo? Je, kama unasimama na hoja zako zote na hakuna mahakama?

Rosa Mistika ilitoka 1971. Ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia, mimi nimeifundisha na nimeona mabinti wakiisoma wanakaa kimya tofauti na ukimya wa usingizi. Zakaria, baba yake Rosa, kaona barua ya kijana, kampiga mwanae vibaya. Kuanzia siku ile Rosa anakuwa anamwogopa mwanaume kama simba. Halafu anaenda shule mbali, bwenini, baba hayupo, fimbo haipo, na uhuru anao wote, uhuru ambao hajawahi hata siku moja kufundishwa kuushika. Mnaona? Zakaria ni yule fundi wa mbuzi. Alishajua binti anachongwa kwa ajili ya nini kabla binti hajafungua mdomo. Simone de Beauvoir mwaka 1949 aliandika kwamba mtu hazaliwi mwanamke, anakuwa mwanamke. Mama zangu hapa hawahitaji Mfaransa awaambie hilo, wamekaa unyagoni, wanajua mwanamke anatengenezwa na mikono ya nani na siku ngapi. Lakini ukishajua umechongwa, unafanya nini sasa? Rosa mwisho wake ni mbaya, anajiua. Na kijijini kila mtu ana jina la mtu mwingine mdomoni. Zakaria atamtaja nani? Charles, yule aliyemkataa kwa kuwa hana ubikira, atamtaja nani?

Halafu 1974 ikaja Kichwamaji. Hapa naomba mniruhusu nikae, maana hiki kitabu kimenikamata tangu nikiwa kidato cha sita, niliazima kwa rafiki nikarudisha jalada limechanika na nikamnunulia kingine.

Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu hapa Dar. Anarudi Ukerewe. Jina lenyewe lisikie, kazi-moto, kama mtu aliyepewa kazi ya kushika kaa. Ana ndugu yake Rukia, ambaye Manase, rafiki wa utotoni, sasa mkubwa wa serikali, alimpa mimba, na Rukia akafa. Kazimoto anataka kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase. Anapanga kabisa, kwa akili ya kisomi. Na mwisho wake anamwoa. Kisasi kikageuka ndoa, hata yeye hajui ilikuwaje. Manase ana mtoto mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili, kichwa maji. Na wa Kazimoto akija kuzaliwa, kichwa ni hichohicho.

Usiharakishe kusema ni ugonjwa tu. Ni ugonjwa, sawa. Lakini mwandishi anakuonyesha kizazi kizima kilichosoma, kichwa kimejaa, mwili haukibebi. Kazimoto amesoma mpaka imani ya wazee wake imevunjika mikononi, uchawi hauamini lakini anauogopa, Mungu hamuamini lakini anamlaumu, kijijini ni mgeni na mjini ni mgeni. Niambieni, hapa Dar ni wangapi? Kijana ana digrii, yuko geto Mabibo, nyumbani wanamsubiri kama mkombozi, simu ya mama ikiita anaiangalia tu mpaka inakatika. Huyo ni Kazimoto. Sisemi kwa kupamba, namjua, na nyie mnamjua.

Na Kazimoto naye anajiua. Hapa nataka kusimama kidogo.

Mwaka 1942 Albert Camus alitoa kitabu cha falsafa ambacho swali lake la kwanza kabisa ni hilo, kama dunia haina jibu, je, mtu ana sababu ya kuendelea kuishi? Camus hakutaka aitwe mdhanaishi, alikataa wazi, lakini ukiwaongelea hawa huwezi kumruka. Na jibu lake ni ndiyo. Ndiyo, ishi. Anachukua kile kisa cha Wagiriki cha Sisyphus anayesukuma jiwe mlimani, likifika juu linabingirika chini, anashuka, anaanza upya, milele. Anasema yule mtu pale anaposhuka kulifuata jiwe lake, anajua kila kitu na bado anashuka, ule ni ushindi wake, lile jiwe ni lake. Camus hakuwa mtoto wa kishua anayewaza akiwa ameshiba. Kazaliwa Algeria 1913, baba kafa vitani hajafikisha hata mwaka, mama hajui kusoma, masikio mazito, anasafisha nyumba za watu. Alipopata tuzo ya Nobel 1957 akamwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi kwamba baada ya mama yangu, niliyemfikiria ni wewe. Walimu wenzangu, hiyo barua nimeibandika kabatini.

Kwa hiyo nikiwaweka wawili hawa meza moja, Kezilahabi anatuonyesha mtu aliyeshindwa kubeba, Camus anatuomba tubebe. Simlaumu Kezilahabi, mwandishi hana kazi ya kutudanganya. Ila kama yupo hapa mtu ambaye Kazimoto anamsikia ndani yake kabisa, siyo kama mhusika wa kitabu, naomba usitoke humu ndani bila kuongea na mtu. Niongeleshe mimi. Namaanisha, nitakaa hapa mpaka jioni.

Wanaosema Kezilahabi kaiga, kwani nani anakataa kwamba alisoma? Alisoma kila kitu, alienda mpaka Wisconsin akachukua udaktari 1985. Lakini Kichwamaji ilishakuwepo miaka kumi na moja nyuma, na Dunia Uwanja wa Fujo ilitoka 1975, ambapo Tumaini, shamba lake likichukuliwa enzi za ujamaa, anaua kiongozi wa serikali na ananyongwa. Hizo fujo ni za hapahapa. Huwezi kuazima uchungu wa Ukerewe kutoka maktaba ya Ulaya.

Kidogo kuhusu jukwaani, halafu namalizia.

Tarehe 5 Januari 1953 Paris ilichezwa tamthilia ya Samuel Beckett, Kumsubiri Godot. Wazee wawili, mti mmoja, barabara. Wanamsubiri Godot. Haji. Kila mara anatumwa mtoto kusema leo haji, kesho bila shaka. Basi. Wapo watazamaji waliosema upuuzi gani huu. Lakini tarehe 19 Novemba 1957 waigizaji wa San Francisco waliipeleka gereza la San Quentin, California, na waliichagua kwa sababu haina mwanamke hata mmoja. Wafungwa kama 1,400. Waigizaji wanatetemeka, itakuwaje? Wafungwa wakakaa kimya, wakaelewa yote. Aliyekuwa nje ya ukumbi, Rick Cluchey, kafungiwa selo, aliisikiliza kwenye spika, na baadaye akaanzisha maigizo gerezani, alipotoka akaja kufanya kazi na Beckett mwenyewe. Kwa nini wao walielewa? Maana hawahitaji mtu awaeleze kusubiri ni nini.

Na sisi je? Nani hajakaa kwenye lile benchi la mbao, namba ya karatasi mkononi, mhusika hayupo, njoo kesho? Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alituandikia Amezidi, 1995, Ame na Zidi wako pangoni, wanajipa maisha ya kifalme kwa maneno tu, njaa imewakalia. Ebrahim Hussein kwenye Mashetani, 1971, anawaweka Juma na Kitaru chini ya mbuyu wanacheza mchezo wa shetani na binadamu, na mchezo ukizidi hujui tena nani kashikwa na nani.

Mwaka jana niliwachezesha wanafunzi wangu kipande cha mwisho cha Godot chini ya mwarobaini. Mnajua inavyoisha, mmoja anasema twende, mwingine anasema haya twende, na hawasogei. Tumefanya mazoezi wiki mbili. Siku yenyewe kijana mmoja kasema twende, kanyanyua begi lake, kaondoka kweli, kavuka uwanja mpaka getini, vumbi tu nyuma. Mwenzake kabaki kaduwaa. Nikamfuata, nikamwambia umeharibu, maandishi yanasema hawasogei. Akaniambia, "Mwalimu naijua, lakini mguu ulikataa kukaa." Nilimpa maksi ndogo kwa kutofuata maandishi, na usiku sikulala vizuri.

La mwisho. Kwenye ile hotuba ya 1945 Sartre anasimulia mwanafunzi aliyemjia. Kaka yake kauawa 1940, baba na mama hawaelewani, mama kabaki na yeye tu. Anataka kutoroka aende Uingereza kujiunga na wanaopigania Ufaransa. Akienda mama anakufa kwa majonzi, akibaki nchi na damu ya kaka inamdai. Nifanyeje? Sartre hakumwambia nenda wala baki. Alimwambia uko huru, chagua. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona katili, mtu kaja na mzigo unamrudishia mzigo wake?

Mwaka 2019 mama yetu alipata kiharusi, yuko Muheza. Tuko wanne. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa Kariakoo, ana meza yake ya chaja na kava za simu, ndo kwanza imeanza kusimama. Akanipigia saa tano usiku. "Dada, nirudi au nibaki?"

Nilikuwa na jibu mdomoni tayari. Nikamwambia wewe ndo huna mke wala mtoto, Mungu ndo alivyopanga, rudi.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Dada, usimtaje Mungu. Sema wewe unataka niende, ili wewe usiende."

Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa na kazi, nilikuwa na watoto shule, sababu zote nilikuwa nazo na zote zilikuwa za kweli, na bado alichosema kilikuwa kweli. Nilikaa na simu sikioni mpaka salio lake likaisha.

Alienda. Meza akamwachia rafiki. Miaka mitatu alimbeba mama, kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, vitu ambavyo watu walisema mtoto wa kiume hafanyi kwa mama yake, wakasema atafute dada zake, yeye akafanya. Nilikuwa natuma hela. Mama alipofariki nilifika nikamkuta kaka wa watu kakonda, mikono yake inanuka sabuni na Vicks, na yeye ndo alijua mama alikuwa anapenda kulala ubavu gani. Mimi sikujua.

Karudi Kariakoo kaanza upya, katandika turubai chini. Juzi kanipigia kwamba kapata meza tena, upande uleule. Nikamuuliza, tangu yote yale sijawahi kumuuliza, nikamwambia mdogo wangu, unajuta?

Kimya. Nikasikia nyuma yake mtu anauliza chaja ya Type-C bei gani. Akaniambia, "Dada subiri kidogo," akaweka simu juu ya meza, akaanza kumjibu mteja.